Mdogo wangu analea watoto usiku huku Luchelele, Mwanza, naombeni mbinu za usalama

Kijana wa Nyegezi:
Wakuu habari za mchana. Mdogo wangu wa kike kapata kazi ya kulea kwa dada mmoja muuguzi, mapacha wa miaka miwili. Dada akiwa zamu ya usiku, dogo analala na watoto peke yake mpaka asubuhi. Nyumba iko juu ya mawe, jirani yuko mbali kidogo, ziwa lipo chini hapo. Afanyeje akigongewa mlango usiku? Na komeo zuri ni lipi, bei gani? Matusi hapana. Nawasilisha.

Ngosha wa Igoma:
Achana na vikomeo vya dukani, teke moja tu mtu yupo ndani. Tafuta fundi wa kuchomelea akutengenezee bapa la chuma. Mimi walinibebea mtungi wa gesi nimelala chumba cha pili. Mtungi! Na mbwa ninao. Kesho yake mbwa ananitingishia mkia kama kawaida.

Mama Kulwa:
Komeo baadaye, anza na maji. Mapacha wa umri huo ziwa hawalifikii usiku, ila ndoo ya kufulia wanaifikia. Kichwa ni kizito, akitumbukia hajiinui, na wala hapigi kelele. Ndoo zote zimwagwe kabla mama hajatoka. Jiko la mkaa lisilale ndani hata kama limebaki na kaa mbili, ule moshi usioonekana ndio unaoua. Simu iwe na chaji, aweke namba ya mama, ya jirani, na 116 ya msaada kwa watoto, hiyo ni bure. Binti ana miaka mingapi?

Kijana wa Nyegezi:
Asante mama. Umri sio tatizo, ana mwili na akili zake timamu.

Mama Kulwa:
Nimeuliza miaka.

Kijana wa Nyegezi:
15.

Wakili wa Kijiweni:
Sheria ya Mtoto ya 2009 inaruhusu kazi nyepesi kuanzia miaka 14, lakini kazi ya usiku, kuanzia saa mbili usiku mpaka saa kumi na mbili asubuhi, ni marufuku kwa mtoto. Huyo dada anavunja sheria na wewe unamsaidia kutafuta komeo.

Mzee wa Mwaloni:
Sheria, sheria! Sisi tumelea wadogo zetu tukiwa na miaka saba, mama yuko ufukweni anaanika dagaa. Mbona tumekua?

Binti Mkerewe:
Mzee, mama yako ukilia anakusikia. Mleta mada, mtu haulizi bei ya komeo hivi hivi. Nani anagonga?

Kijana wa Nyegezi:
Ni kaka wa huyo dada. Akilewa anakuja usiku, eti kasahau chaja. Hajamfanya kitu! Anakaa sebuleni, anamwambia dogo atoke wapige stori. Dogo anajifungia chumbani na watoto. Tatizo ana ufunguo wake.

Ngosha wa Igoma:
Loh. Futa ushauri wangu wa bapa.

Binti Mkerewe:
Mtoe leo. Nimefanya kazi za ndani, hizo stori za sebuleni nazijua zinakoelekea. Mpangie neno: akipiga simu akauliza "mguu wa bibi umepona?", unaenda kumchukua, maswali baadaye. Na polisi kuna Dawati la Jinsia na Watoto, hawangoji mpaka liharibike ndipo wasikilize.

Kijana wa Nyegezi:
Kumtoa mwezi huu haiwezekani. Dada alinipa mshahara wa miezi miwili mbele, nimeshanunua tairi na betri ya pikipiki. Tena nikimsema kaka yake ataona nawachonganisha. Ndiyo maana nikaulizia komeo la chumbani.

Mama Kulwa:
Alikupa WEWE?

Fundi Redio:
Wakuu, hii chai. Huyu jamaa kwenye ule uzi wa pikipiki aliandika kwao kazaliwa peke yake. Leo ana mdogo. Nani ana viazi vitamu tuanze kunywa?

Mzee wa Mwaloni:
Nilishangaa. Muuguzi gani anaacha mapacha na mtoto?

Binti Mkerewe:
Wapo wengi tu mzee. Mshahara wa dada wa kazi mtu mzima unaujua?

Kijana wa Nyegezi:
Ni mtoto wa baba mdogo! Kalelewa kwetu. Sasa niandike ukoo mzima?

Fundi Redio:
Sukari imeongezeka.

Mama Kulwa:
Fundi, tulia. Kijana, usiku wa leo dada yupo zamu?

Kijana wa Nyegezi:
Ndiyo. Anatoka nyumbani saa kumi na mbili.

Ngosha wa Igoma:
Sasa hivi saa kumi. Pikipiki ina tairi mpya na betri mpya. Mwambie dada ukweli kabla hajatoka, atafute mtu mzima wa kulala na wanawe, wewe rudi na dogo. Hela utalipa kidogo kidogo.

Kijana wa Nyegezi:
Mafuta sina.

Ngosha wa Igoma:
Njoo inbox nikurushie ya lita moja.

Fundi Redio:
Ngosha unaliwa hivi hivi. Haya, na mimi naongeza lita. Ila ukifika tupia picha ya plate namba ya pikipiki.