Subban kwa Weber: nijibu nini kazini?

Salaam wote. Huu ni mwaka wangu wa pili Montreal, na kazini kila tukipumzika ni hoki tu. Jana wamefufua ile biashara ya 2016 ya timu mbili kubadilishana wachezaji, Subban kwa Weber, wakaniuliza nani alipunjwa. Nikabaki nachekacheka. Nisaidieni nami niwe na la kusema.

———

Mdogo wangu, pole. Mimi mwaka wa kwanza nilikuwa najifanya nasoma simu.

Tarehe 29 Juni 2016 Canadiens, timu ya hapo Montreal, walimtoa P.K. Subban, Nashville Predators wakamtoa Shea Weber. Beki kwa beki, bila nyongeza. Msimu uliokuwa umeisha kila mmoja alikuwa na pointi 51 (goli ni pointi moja, na pasi ya goli vilevile), na wengi hufunga daftari hapo. Wewe usifunge. Subban alizipata kwa mechi 68, Weber kwa 78. Gawanya: 0.75 kwa mechi, mwenzake 0.65. Kisha uzifungue pointi zenyewe. Weber magoli 20, pasi za magoli 31. Subban magoli 6, pasi 45. Mmoja mpigaji, shuti lake watu walikuwa wanalikwepa. Mwingine ndiye anayeutoa mchezo nyuma na kuupeleka mbele.

Hapo watakuletea Corsi. Jina tu linatisha. Beki akiwa uwanjani, hesabu mashuti ambayo timu yake inapiga na inayopigiwa, hata yaliyotoka nje au kuzuiwa njiani. Subban alikuwa anang'ara huko, ndiyo maana watu wa takwimu walipiga kelele siku ile. Ila ukitajiwa Corsi, uliza beki huyo alikuwa anapangiwa nani. Weber na mwenzake wa Nashville, Roman Josi, ndio waliokuwa wanapewa washambuliaji wakali wa upande wa pili, na kazi hiyo haipambi takwimu za mtu.

Kwangu mimi uzito uko kwenye mkataba. Subban alikuwa na miaka 27, dola milioni 9 kwa mwaka hadi 2022. Weber alikuwa anakaribia 31. Kwenye kikomo cha mishahara, kile ambacho timu hairuhusiwi kukivuka, alihesabiwa nafuu, kama milioni 7.86, lakini hadi 2026. Beki wa miaka 40 kwenye barafu, jamani! Na kweli, baada ya 2021 majeraha hayakumruhusu kucheza tena. Kwa hesabu za siku ile, Nashville walipata zaidi. Wakikubishia watakwambia Weber aliwafikisha Canadiens fainali 2021 akiwa nahodha. Sawa, na Predators walifika 2017 na Subban. Wote walifungwa.

Angalizo: Subban aliahidi kuchangisha dola milioni 10 kwa hospitali ya watoto ya hapo mjini kwenu. Kuna watu bado wana kidonda. Pima uliokaa nao kabla hujamwaga takwimu.

———

Asante dada. Leo nimewauliza, "Hizo 51 ni kwa mechi ngapi?" Wakatazamana. Mzee wa stoo akanisogezea kiti.