Wiki ya vuli, watoto wote wako ndani: tupeane uzoefu

Mama Tudor:
Hamjambo nyote. Leo siku ya nne mvua hapa Mombasa haituruhusu kutia mguu nje. Shule zimefungwa, ninao watatu wangu na wawili wa dada yangu wa Mtwapa, nyumba ya vyumba viwili. Asubuhi wamevunja glasi, adhuhuri wamepigania rimoti, alasiri stima ikapotea. Hapo ndipo nilipokumbuka chelewa. Marehemu babu siku kama hizi alikuwa akituketisha ukumbini na chelewa, uzi na magazeti, tunatengeneza tiara, vishada vya kurusha, za kungoja jua. Basi nikachomoa chelewa kwenye ufagio wangu, nikapika uji mzito wa ngano uwe ndio gundi, nikawaita. Mkubwa akafunga misalaba, wadogo wakapaka gundi mpaka kwenye nyusi. Saa mbili nzima sikusikia kilio. Sasa tiara tano zimetundikwa ukutani zinangoja mvua ikatike, na kesho sina la kuwapa. Nyinyi kwenu mwafanyaje? Nataka mambo mliyoyafanya wenyewe.

Kuze Damu:
Dada, umenipeleka mbali. Mkia wa tiara yetu ulikuwa pindo la kanga kuukuu ya nyanya.

Mishomoroni Juu:
Tiara za gazeti zikiingia unyevu hazipai. Sisi tulitumia nailoni, lakini tangu mifuko ipigwe marufuku 2017 hata hiyo ni shida kupata. Halafu upepo wenyewe uko wapi? Kusi imeondoka, kaskazi haijasimama. Hizo tiara zitakaa ukutani mpaka Disemba.

Mama Tudor:
Zitakaa. Hawana haraka.

Bint Kibokoni:
Sisi ni jikoni, mkate wa sinia. Juzi usiku niliroweka vikombe viwili vya mchele, asubuhi nikausaga na tui zito, iliki na hamira, nikafunika bakuli. Kazi ya watoto ilikuwa kuchungulia. Walitia alama ya mkaa ukingoni mwa bakuli, kila baada ya muda mmoja anafunua sahani anatangaza umefika wapi, utadhani anasoma habari. Ulipoumuka nikatia sukari na ute wa mayai, nikamimina kwenye sufuria iliyopakwa mafuta, moto mdogo. Chini ulipoiva nikaigeuza sufuria kifudifudi juu ya makaa mpaka uso ukawa wa kahawia. Hapo pa kugeuza msimwachie mtoto. Binti yangu wa miaka minane sasa anaujua mkate wa sinia kuliko anavyoijua jedwali ya saba, na mimi nimeridhika.

Majengo Sokoni:
Huo ni mkate wa kumimina.

Bint Kibokoni:
Unguja ndio wa kumimina. Hapa kwetu ni mkate wa sinia.

Majengo Sokoni:
Mama yangu kazaliwa Majengo, hajawahi kukaa Unguja hata siku moja, na anasema wa kumimina.

Kuze Damu:
Leteni vipande viwili, kimoja cha kila jina, nitawaamulia.

Mzee wa Mikindani:
Wanangu, fundisheni watoto bao. Si karata, bao. Mwaka wa 1997, mvua ile ya El Niño, tulikaa ndani wiki nzima, barabara ya mtaani kwetu imekuwa mto. Nikamketisha kijana wangu wa miaka kumi mbele ya bao la baba yangu, la mvule, mashimo yamekuwa laini kwa kushikwashikwa. Nikamwekea nyumba yake, shimo lake kuu, kete sita, mbili na mbili kando, ishirini na mbili mkononi, nikamwambia haya, namua, tia za mkononi moja moja. Siku tatu za kwanza alilia kila nikimla nyumba. Siku ya nne alinyamaza muda mrefu, akanamua kwenye kimbi, shimo la pembeni, akala, akaendelea kula mpaka upande wangu wa mbele ukabaki mtupu. Mamake alitoka jikoni kuja kuona kwa nini nimekaa kimya. Mtoto yule sasa ni mtu mzima yuko Nairobi, na akija Idi hasalimii mtu sawasawa kabla ya kuuliza bao liko wapi.

Bondeni Kwetu:
Shikamoo mzee. Lakini kwa heshima zote, ukimwanzisha mtoto na namua utamfukuza. Kuna bao la kujifunza. Kete zote sitini na nne ziko ubaoni tangu mwanzo, mbili mbili kila shimo, hakuna cha mkononi. Mtoto ajifunze kusomba na kula kwanza.

Mzee wa Mikindani:
Marahaba. Hilo si bao, hilo ni kuhesabu.

Bondeni Kwetu:
Na kuhesabu ndiko wanakokuhitaji wa umri huo, mzee. Wangu wa miaka sita alianza hivyo na leo anacheza bao la kiswahili kamili, hilo lako la namua.

Mzee wa Mikindani:
Mlete Mikindani tuone.

Zamu ya Usiku:
Jamani, nawasoma na moyo unaniuma. Mimi nafanya kazi ya zamu, narudi saa mbili asubuhi nikiwa sijioni. Ninao wawili, baba yao hayupo. Siku za likizo nawapa simu, wanaangalia katuni, nalala muda wa saa nne au tano, naamka napika. Sina babu wa bao, sina makaa ya mkate. Mkisema watoto wa simu wameharibika, mnawasema wangu.

Mishomoroni Juu:
Hakuna aliyekusema. Lakini simu mchana kutwa si malezi.

Zamu ya Usiku:
Njoo ulale wewe mchana na watoto wawili wako macho, kisha tuzungumze malezi.

Bint Kibokoni:
Mishomoroni, hapo umekosea, mwombe radhi. Na wewe shoga yangu, mimi pia nilikuwa hivyo mtoto wangu wa mwisho alipozaliwa. Kilichonisaidia ni kitu kimoja tu: niliwaachia kazi moja niikute nikiamka. Kuchambua mchele, kupanga vifungo kwa rangi. Kisha simu. Hata ikifanyika nusu, unaamka na cha kuwaambia hongera.

Mishomoroni Juu:
Niwie radhi, dada. Nilisema haraka.

Zamu ya Usiku:
Yamekwisha. Vifungo nitajaribu, ninavyo kopo zima vya mama.

Baba wa Shelly:
Nimewasoma tangu juu na sikutaka kuandika, lakini hilo neno la kungoja mvua ikatike limenigusa. Miaka mitano iliyopita, wiki ya vuli kama hii, nami nilingoja ikatike. Binti yangu alikuwa na miaka kumi na miwili, kijana tisa. Walikuwa wamefungika ndani siku tano. Jumatano jua likatoka, na ilikuwa bamvua ya mwezi mwandamo, maji yanakupwa mbali. Mtu wa Likoni akijua ni bamvua, miguu inamwasha kwenda mwambani. Baba yangu alinifundisha kuchokoa pweza nikiwa na umri wa huyo kijana, na mimi nilitaka awe nayo. Nikachukua chuma na kikapu, nikawaambia vaeni viatu, twendeni Shelly, pwani yetu ya Likoni.

Tulichelewa. Maji yalikuwa makavu saa nne na ushei, sisi tulifika mwambani saa tano unusu. Bado palikuwa pakavu, unatembea juu ya mwani mpaka kule mawimbi yanakovunjika. Binti ndiye aliyeliona tundu. Mlangoni palikuwa na magamba ya kaa na vigae vya chaza, fungu dogo, kama taka zilizofagiwa zikangoja kuzolewa. Nikamwambia mwenye nyumba yumo. Nikaingiza chuma, akakishika, akavuta. Ukishikana na pweza husikii kitu kingine duniani. Nadhani nilikaa nusu saa nimepiga magoti, kijana ananihesabia mikono inayochomoza.

Wingu likaja kutoka baharini, mvua ikashuka. Nilipoinuka sikuiona pwani. Minazi, nyumba, hakuna. Tukageuka kurudi, na mfereji tuliouvuka ukiwa kifundoni ukawa umenifika kiunoni, maji yanakwenda mbio kwa ubavu. Nikamweka kijana mabegani. Nikavua kikoi, ncha moja nikaifunga kiunoni mwa binti, ya pili nikaizungusha mkononi mwangu. Hatua ya tatu nikaingia shimoni, maji shingoni. Kijana akanishika uso. Mpaka leo navikumbuka vidole vyake viwili jichoni mwangu, na sikuweza kumwambia aviondoe kwa sababu nikifungua mdomo maji yanaingia.

Binti hakulia. Alikuwa amebaki na kile chuma. Akawa anakitia mbele, anagonga chini. "Hapa kina, baba. Hapa jiwe. Hapa jiwe." Nikamfuata, jiwe kwa jiwe. Katikati akateleza, kikoi kikakaza, nikaona mtandio tu juu ya maji. Nilivuta. Sijui nilisema nini. Akatoka anakohoa, chuma bado mkononi.

Mzee mmoja alikuwa anarudi na mtumbwi kutoka kwenye madema yake. Akatujia kwa upondo, akawapakia watoto, mimi nikashika ubavu wa mtumbwi mpaka mchangani. Hakunigombeza. Alifunga mtumbwi wake, akaniambia, maji hayaji mbele ukayaona, huanza kujaa nyuma yako. Akaenda zake. Nyumbani mke wangu aliiangalia miguu ya watoto ilivyochanwa na mwamba, akapika chai, akatupa, na hakusema nami mpaka Ijumaa usiku.

Kuze Damu:
Mwili umenisisimka. Mungu ni mkubwa.

Mama Tudor:
Ndugu yangu. Nimesoma na mwanangu mdogo amekaa miguuni pangu. Pole sana.

Majengo Sokoni:
Kwa nini ulipeleka watoto mwambani? Hiyo ni kazi ya watu wazima. Wangu hawagusi bahari mpaka wafike sekondari.

Mishomoroni Juu:
Ndio kabisa uwapeleke, tena mapema. Mtoto wa pwani asiyejua kuogelea ni hatari zaidi. Wangu nimewafundisha Nyali, maji yakiwa yamejaa na yametulia.

Majengo Sokoni:
Kuogelea kungemsaidia nini pale? Mkondo haumwulizi mtu kama anajua kuogelea.

Bondeni Kwetu:
Mwache baba wa watu, ameshaadhibiwa.

Zamu ya Usiku:
Mimi nimelia kwa huyo binti na chuma chake. Yuko wapi sasa?

Mzee wa Mikindani:
Kijana wa Shelly, mzee aliyekutoa hakukuficha kitu. Nyuma ya mwamba ni chini kuliko mwamba wenyewe, ndipo bahari inapoanzia kujaa, wewe uko juu pakavu hujui. Sisi tulifundishwa hivi: mwezi mwandamo na mwezi mpevu maji yanakupwa mbali, saa nne saa tano asubuhi makavu, saa kumi yamejaa. Kila siku yanasogea mbele karibu dakika hamsini. Ingia mwambani maji yakiwa bado yanatoka, na yakishasimama wewe uwe umeshageuka, hata kama pweza amekushika mkono. Kukiwa na wingu zito, siku hiyo usiende kabisa. Maji mafu, yasiyokupwa mbali, mwamba hautoki vizuri, kaa nyumbani ucheze bao.

Baba wa Shelly:
Asante mzee. Nalijua hilo tangu utoto, na siku ile nililisahau kwa sababu ya pweza mmoja. Dada wa zamu, binti yuko, mzima, bado anasoma. Kwa miezi sita hakukanyaga pwani. Kisha siku moja nikamkuta na daftari, anaandika. Tarehe ya mwezi, saa maji yalipokauka, saa yalipojaa, upepo unatoka wapi. Anakwenda Mtongwe kwa shangazi yake, anaweka mti kwenye mchanga, anapima. Amejaza madaftari manne. Wavuvi wawili wa hapa humpigia simu mamake kuuliza, ingawa wao wenyewe wanajua, nadhani wanapenda tu kumsikia akijibu. Chuma kile kimeegemezwa nyuma ya mlango wake. Mimi na kijana hatujaenda tena kuchokoa pweza. Ananiomba kila bamvua.

Bint Kibokoni:
Mpeleke. Nenda na huyo binti, yeye ndiye awaambie saa ya kurudi.

Majengo Sokoni:
Asimpeleke!

Baba wa Shelly:
Bado sijaamua. Mamake pia hajaamua.

Zamu ya Usiku:
Nimeamka saa kumi. Vifungo vimepangwa kwa rangi, na vile vyenye matundu manne wamevitenga peke yake, jambo ambalo sikuwaambia. Kopo lilikuwa na kifungo cha koti la baba yangu, wakaniuliza ni cha nani. Tumezungumza mpaka magharibi.

Mama Tudor:
Mashaallah, shoga. Huku kwetu mvua bado. Leo nimechora bao sakafuni kwa chaki, mashimo thelathini na mawili, tumeanza na la kujifunza, mzee unisamehe. Komwe za kuwa kete tulizopata kwa jirani ni sitini na moja, tumeongeza mbegu tatu za ubuyu lakini ni ndogo, watoto wanateta kuwa zile ni za bahati. Kuna mwenye komwe tatu za ziada?

Mzee wa Mikindani:
Ninazo mfuko mzima. Mvua ikipungua njoo uchukue, na uje nao wote watano.