Naomba ushauri: kichujio cha mawimbi ya uso cha megahezi 70 kinatoa miitikio isiyotakiwa, nianze kurekebisha wapi?

Mleta mada: Fuwele_AR

Ndugu wanajamvi, habari za kazi. Ninasoma shahada ya uzamili hapa Arusha, na utafiti wangu ni kusanifu kichujio cha mawimbi ya uso (SAW), yaani kinachopitisha ishara kama mtetemo juu ya uso wa fuwele, kwa masafa ya kati (IF), megahezi 70, yale yanayotumika katika vipokezi vingi vya setilaiti na vya maikrowevu. Fuwele ni lithiamu niobati ya mkato wa YZ (pembe iliyokatiwa na mwelekeo wa wimbi) yenye unene wa nusu milimita. Mwendo wa wimbi juu yake ni takribani mita 3488 kwa sekunde, kwa hiyo urefu wa wimbi unakaribia mikromita 50, na kila kidole cha transdusa (vidole vya metali vinavyogeuza umeme kuwa wimbi na wimbi kuwa umeme) nimekipa upana wa robo yake. Kutoka katikati ya transdusa ya kuingizia hadi katikati ya ile ya kutolea ni milimita 7.

Shida zangu ni mbili. Sehemu ya kupitisha, ambayo ilipaswa kuwa tambarare, inapanda na kushuka kwa desibeli 1.5, na hali hiyo hujirudia kila baada ya kilohezi 250. Pili, kuanzia kama megahezi 80 panatokea nundu ambayo haimo kabisa katika hesabu za kompyuta. Upotevu wa ishara ni desibeli 11, baada ya kuweka koili za kulinganisha transdusa na mzunguko pande zote mbili, na msimamizi wangu angependa upungue zaidi. Mchoro mpya utatengenezwa nje ya nchi kwa gharama isiyolingana na mfuko wa mwanafunzi, ndiyo maana ninauliza kabla ya kuagiza.

Fundi Redio Moshi

Mdogo wangu, mimi ni fundi wa redio za magari ya watalii. Vichujio vya namna hii nimebadilisha vingi, ingawa sijawahi kusanifu hata kimoja. Kwa uzoefu wangu, mara nyingi ishara huruka moja kwa moja kutoka waya wa kuingilia hadi wa kutokea bila kupita kwenye fuwele. Weka ukuta wa shaba katikati, uuunganishe vizuri na ardhi, kisha upime tena.

Mstaafu wa Njiro

Ushauri wa fundi ni mzuri kwa kifaa chochote, lakini vipimo vya mleta mada vinaelekeza kwingine. Milimita 7 kwa mwendo huo ni safari ya mikrosekunde 2. Ishara inayoruka moja kwa moja hufika papo hapo, kwa hiyo inapokutana na ile iliyopita kwenye fuwele zinapishana kwa mikrosekunde 2, na mtikisiko huo wa kupanda na kushuka ungejirudia kila kilohezi 500. Wako unajirudia kila kilohezi 250, maana yake ishara mbili zinapishana kwa mikrosekunde 4. Huo ni mwangwi wa safari tatu: wimbi linafika kwenye transdusa ya pili, sehemu yake inarudi hadi ya kwanza, kisha inakwenda tena.

Sasa naomba umweleze msimamizi wako jambo hili kwa adabu. Transdusa ya kawaida hutuma wimbi pande zote mbili, na kadiri unavyoilinganisha vizuri na mzigo wake ndivyo inavyorudisha zaidi wimbi linaloifikia. Ukifikia ulinganifu kamili, upotevu unakuwa desibeli 6, lakini mwangwi unabaki desibeli 12 tu chini ya ishara kuu, na kichujio cha hivyo hakifai kitu. Kwa makadirio ya haraka, mwangwi hushuka desibeli mbili kwa kila desibeli moja ya upotevu unayokubali kuongeza. Desibeli 11 zako zinatoa mwangwi ulio kama desibeli 22 chini ya ishara kuu, na huo ndio unaozaa mtikisiko wa 1.5 unaouona. Punguza ulinganifu hadi upotevu ufike 16, nao mtikisiko utakaribia 0.4. Hilo halihitaji mchoro mpya, ni kubadilisha koili tu.

Kuhusu nundu, nashuku mawimbi ya ndani. Vidole havitoi wimbi la uso peke yake, bali hutuma pia mawimbi yanayozama kwenye mwili wa fuwele. Hayo hukimbia kwa mita 4000 kwa sekunde na zaidi, na kwa kuwa nafasi ya vidole ni ileile, huonekana kwenye masafa ya juu kuliko yako. Hesabu zako bila shaka zinafuata wimbi la uso tu, hivyo zisingeweza kuyaonyesha.

Usiamini maneno yangu matupu. Chukua mafuta ya mgando, paka tone dogo juu ya fuwele katikati ya transdusa mbili bila kugusa vidole, kisha pima. Mafuta yatameza wimbi la uso. Kitakachobaki kwenye analaiza (kifaa chako cha kupimia masafa) kimepita ndani ya fuwele au hewani.

Kijana_Tengeru

Kwa nini usihamie kwenye vichujio vya utando, vile vinavyotetemesha utando mwembamba badala ya uso wa fuwele, vinavyotumika kwenye simu?

Mstaafu wa Njiro

Kwa sababu ya unene, ndugu yangu. Utando wa alumini nitridi hutetema pale unene wake unapokuwa nusu ya urefu wa wimbi, ambalo ndani yake hukimbia takribani mita 11,000 kwa sekunde. Kwenye gigahezi 2 hizo ni mikromita chache, lakini kwenye megahezi 70 ungehitaji kama mikromita 78, na huo si utando tena. Isitoshe, navyo vina mawimbi yake ya pembeni, ndiyo maana wasanifu huvichora kwa maumbo yasiyo na pande zinazolingana sambamba.

Fuwele_AR

Shikamoo Mzee. Nimepaka mafuta kama ulivyoelekeza. Sehemu ya kupitisha imetoweka yote pamoja na mtikisiko wake, lakini nundu ya megahezi 80 imebaki palepale. Kabla ya kupaka nilikuwa nimegeuza vipimo kuwa vya wakati, nikaona ishara kuu kwenye mikrosekunde 2, kilele kidogo kwenye 6, na karibu na sifuri hakuna cha maana. Nianze na msasa chini ya fuwele, au nibadilishe mkato?

Mstaafu wa Njiro

Marahaba, mwanangu. Vipimo vimeamua: mtikisiko ni mwangwi, na nundu ni mawimbi ya ndani.

Msasa upande wa chini, pamoja na gundi laini ya kunyonya, utavunja mawimbi yanayogonga chini na kurudi, lakini yale yanayoteleza karibu na uso yataendelea kupita. Fanya kwa vipande ulivyonavyo, kwa uangalifu, na usivipashe moto ghafla kwa hita au kwa ncha ya kulehemu, kwani lithiamu niobati ikibadilika joto hujikusanyia chaji, na cheche ikiruka kati ya vidole imeviharibu.

Katika mchoro mpya, gawa kila kidole kiwe viwili vya upana wa moja ya nane ya urefu wa wimbi. Vidole vyako vya sasa vimepishana kwa nusu wimbi, hivyo miakisi yake hurudi ikiwa imeungana. Vikigawanywa hupishana kwa robo, na miakisi hufutana. Gharama yake ni kwamba transdusa ya aina hiyo huitikia kwa nguvu kwenye mara tatu ya masafa, kwako megahezi 210, kwa hiyo mzunguko unaofuata uwe na uwezo wa kuyazuia. Wala haiondoi mwangwi unaotokana na ulinganifu, kwa hiyo usirudishe koili za zamani.

Mkato wa digrii 128 wa lithiamu niobati hiyohiyo, ulioelezwa na watafiti wa Japani mwaka 1976, hutoa mawimbi ya ndani kidogo sana kuliko YZ. Njia nyingine ni safu ya vipande vya metali ya Marshall na Paige ya mwaka 1971, inayolihamisha wimbi la uso kwenda njia ya pembeni huku ya ndani yakinyoosha, lakini huhitaji vipande kama 100 na fuwele pana zaidi. Kwa mfuko ulioutaja, mimi ningechagua digrii 128. Mwendo ni mita 3980 hivi, kwa hiyo urefu wa wimbi utakuwa mikromita 57 na kila kidole kilichogawanywa kama 7, upana ambao watengenezaji wengi wanaumudu.

Fuwele_AR

Nashukuru sana. Nitaanza na koili wiki hii, kisha nitampelekea msimamizi grafu mbili, ya desibeli 11 na ya 16, azilinganishe kabla hatujaagiza fuwele ya digrii 128.

Fundi Redio Moshi

Ukiagiza, omba na kasha la metali lenye mfuniko. Megahezi 210 zitakuonyesha kama ardhi yako ni nzuri.