Filamu ya fundi wa milango katika ukumbi wa makumbusho: nikate nini, nibakize nini?

BintiMkomani

Assalaam alaykum, na habari zenu nyote. Ninatayarisha filamu kuhusu fundi mmoja mzee wa kuchonga milango hapa Lamu, nayo itaonyeshwa katika ukumbi wa makumbusho kando ya mlango wenyewe, ambao ulimchukua miezi minne. Nilikaa naye karakanani tangu siku mbao za mbambakofi, ule mti mgumu, zilipoletwa hadi siku mfaa, yaani mhimili wa katikati ya mlango, ulipotiwa mahali pake, nikapata saa 19 za picha, ambazo nimezihariri zikabaki dakika 14. Msimamizi wa maonyesho ameitazama mara mbili, akaisifu, lakini anasema ukumbini hapokei zaidi ya dakika 5.

Ugumu wangu ni huu. Karibu nusu ya dakika hizo ni mazungumzo ya mzee, kwa Kiamu, lahaja ya Lamu, kilichokomaa ambacho huku mjini hukisikii kila siku. Anaeleza alivyofundishwa na babake, anavyochagua ubao, na kwa nini huupapasa kwa kiganja kabla hajashika patasi. "Mti una ndia yake," yaani njia yake, husema, kisha hunyamaza. Nusu ya pili ni mikono yake tu ikifanya kazi. Nikiyaondoa maneno, naona kama ninamnyang'anya mzee ulimi wake. Nikiiondoa kazi, ninabaki na mtu aliyekaa kitini akihojiwa, tena katika ukumbi wenye mwangwi mkubwa. Naomba ushauri wa waliowahi kuifanya kazi ya aina hii.

FundiMitambo

Wa alaykum salaam, dada. Nimefunga skrini na spika katika kumbi za maonyesho kwa miaka mingi, na jambo la kwanza ninalowaambia watayarishaji ni kwamba wasahau ukumbi wa sinema. Mtazamaji wako amesimama, mkoba u begani, mtoto anamvuta mkono, naye amefika filamu ikiwa katikati kwa sababu inazunguka mchana kutwa. Hatangoja mwanzo. Kwa hiyo kila kipande cha nusu dakika kieleweke chenyewe, bila kutegemea kilichotangulia, na lile jina kubwa unaloliweka mwanzoni kwa muziki halina kazi hapo.

Kuhusu mwangwi, usidanganyike kuwa maandishi ya chini ya picha yatatatua kila kitu, maana mgeni anayesoma hatazami mikono. Ningekushauri utenganishe vitu viwili. Kando ya mlango weka skrini ndogo, yenye mwanga wa wastani, inayoonyesha kazi kwa sauti zake za asili. Hatua chache kutoka hapo, penye pazia zito au zulia, weka benchi na spika ndogo juu yake, sauti ya mzee imshukie aliyeketi tu. Mtu akipata pa kukaa husikiliza. Akiwa wima huondoka. Hedifoni ninaziogopa, kwa kuwa nyaya hukatika mapema na hakuna anayezifuta.

Na tafadhali, skrini isiwe nyuma ya mlango. Nimeona nakshi nzuri ajabu zikipitwa na macho kwa sababu kitu chenye mwanga kilikuwa kinacheza nyuma yake.

MsomajiWaPicha

Ninakubaliana na FundiMitambo, ila ningependa kurudi nyuma kidogo, hadi siku ya kupiga picha yenyewe. Mwaka 1950 mpiga picha Hans Namuth alimfanyia filamu mchoraji Jackson Pollock nyumbani kwake Springs, Long Island, nchini Marekani. Hawakuwa na fedha za taa, hivyo kazi ilifanyika nje hadi baridi ya mwishoni mwa Novemba. Kamera iliwekwa chini ya kioo naye akachora juu ya kioo hicho, mtazamaji akawa anaziona rangi zikimjia usoni. Filamu hiyo ya takriban dakika 10 ilionyeshwa Museum of Modern Art, makumbusho ya sanaa ya kisasa ya New York, mwaka 1951, na mpaka leo watu wengi wakimtaja Pollock humwona akizunguka na mkebe wake wa rangi.

Lakini jioni ile ya mwisho, Pollock, aliyekuwa ameacha pombe kwa takriban miaka 2, aliingia ndani akajimiminia, na chakula cha usiku kikaishia kwa meza kupinduliwa. Wako wanaoeleza kwamba zile amri za anza, simama na rudia zilimfanya ajione anaigiza kazi yake mwenyewe. Ninakuomba upitie saa zako 19 ukijiuliza: ni wapi mzee alifanya jambo kwa kuwa wewe ulimwomba, na ni wapi alikuwa amekusahau? Yale ya kwanza ndiyo ya kukata, hata kama mwanga wake ni mzuri kuliko yote. Kisha mwonyeshe filamu kabla ukumbi haujafunguliwa, kwa kuwa ni sura yake na jina lake.

MfinyanziWaKisumu

Mimi ni mtu wa udongo. Mtu akisimama mbele ya chungu cha Magdalene Odundo, mfinyanzi mzaliwa wa Nairobi, huona weusi unaong'aa na mduara uliokamilika, naye hudhani kimezungushwa kwenye gurudumu kisha kikapakwa rangi ing'aayo kama kioo. Sivyo. Anakijenga kwa mkono, anakisugua hadi king'ae, na kile chekundu huwa cheusi kikichomwa tena kwa moto ulionyimwa hewa. Filamu ya dakika 3 ikijibu dhana hiyo tu, imetosha, kwa kuwa chungu chenyewe hakiwezi kuijibu.

Je, mgeni atakosea nini kuhusu mlango wako? Ningedhani ataamini kwamba maua yale yamebandikwa, au yamekatwa na mashine. Basi aone ubao unavyoondolewa kidogo kidogo pembeni mwa ua hadi ua libaki peke yake limeinuka. Ila sikubaliani kwamba maneno yote yaende kwenye benchi. Ile sentensi ya ndia ya mti iache palepale, kiganja kikiwa juu ya ubao, na ule ukimya wake usiukate.

BintiMkomani

Nawashukuru sana. Nimekesha na picha zangu tena, nikagundua kwamba picha nilizozipenda zaidi, za mzee akipuliza vumbi la mbao huku jua likiingia dirishani, nilimwomba azirudie mara tatu. Nimeziondoa. Iliyobaki ni dakika 4 na nusu: kiganja, sentensi ile moja, kisha patasi ikizunguka ua moja tangu mstari wa penseli hadi mwisho. Sauti nyingine yote ya mzee itakwenda kwenye benchi, na maandishi ya Kiamu pamoja na Kiswahili sanifu yatachapwa kwenye karatasi ya kushika mkononi. Mzee ataitazama Alhamisi baada ya Alasiri, nyumbani kwake, pamoja na wanawe.