Kitara cha babu kimezuiwa forodhani: je, kinahitaji kibali?

Wa Liège:
Ndugu zangu wa Bukavu, nawasalimu. Mama mkubwa alinitumia kitara cha babu, ambacho ukoo wetu umekitunza tangu Kasongo, kabla majeshi ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji hayajauteka mji ule mwaka 1893. Kimezuiwa forodhani hapa Ubelgiji, na barua niliyoipata inadai kibali, au uthibitisho wa asili na umri wake, katika muda wa siku 14. Katika hati ya mzigo binamu yangu aliandika "upanga", na mtafsiri wa kiapo akaandika "machette", kwa kuwa kwetu chombo cha kufyekea na silaha ya mababu huitwa kwa neno hilo hilo. Je, niende kwa gavana wa mkoa kuomba kibali? Na ni karatasi gani itakayothibitisha umri wa kitu ambacho hakijawahi kuandikiwa karatasi?

Wa Namur:
Yaya, kwa gavana usiende, kwa maana huko huombwa vibali vya bunduki. Sheria ya tarehe 8 Juni 2006 inazigawa silaha katika mafungu matatu: zilizokatazwa, zinazohitaji kibali, na zinazouzwa huru, na kitara kimo katika fungu la tatu. Kinachokatazwa na kifungu cha 9 ni kukibeba bila sababu halali. Mimi nilisimamishwa kituo cha treni na sime ya marehemu baba, niliyokuwa naipeleka kwenye arusi ya mdogo wangu, nikakaa saa tatu nikieleza arusi ya kwetu huchezwaje.

Wa Köln:
Nasahihisha kidogo. Si kila kitara kiko huru hata huko Ubelgiji, kwani upanga uliofichwa ndani ya fimbo umekatazwa. Hapa Ujerumani mtu mzima anaweza kukimiliki, lakini kifungu cha 42a cha sheria ya silaha kinakataza kutembea nacho. Kikisafirishwa ni lazima kiwe ndani ya chombo kilichofungwa kwa kufuli, na faini yaweza kufika euro 10,000. Baada ya mauaji ya kisu mjini Solingen ya Agosti 2024 sheria imekazwa zaidi, kwa hiyo asikilete mtu kwenye mkutano wetu.

Wa Leicester:
Yaya ameuliza habari za Ubelgiji, nanyi mmemhamishia Ujerumani. Hata hivyo, neno alilolitumia lina uzito, kwa sababu upanga ni mnyoofu na kitara kimepinda, na huku Uingereza ni huko kupinda kunakoshtakiwa. Tangu Aprili 2008 kitara chenye bapa la sentimita 50 au zaidi, likipimwa kwa mstari ulionyooka kutoka juu ya mpini hadi nchani, kimepigwa marufuku, na siku hizi hata kukiweka nyumbani ni kosa, isipokuwa kiwe kimepita miaka 100 au kimefuliwa kwa mkono kwa njia za jadi. Kwa hiyo hata huku swali lingekuwa lile lile la umri, na mtafsiri yule alitakiwa aulize kabla ya kuandika.

Wa Bukavu, Ibanda:
Wanangu, mnazungumzia upande wa kupokea tu. Sheria yetu ya 1971 ya kulinda mali za utamaduni inataka idhini kabla kitu cha kale hakijatoka nchini, na idhini hiyo ni ya Kinshasa. Tangu mji wetu ulipoingia mikononi mwa waasi wa M23, Februari 2025, nani wa hapa angeipeleka karatasi Kinshasa ikarudi? Nilikuwapo mama yenu alipokitia katika ala, akakizungushia vitenge viwili na kukipitisha Rusizi, mto wa mpakani, kwa sababu nyumba ya jirani ilikuwa imekwisha kuporwa. Alitaka kibaki katika ukoo.

Wa Liège:
Shikamoo Mzee, nimesoma na nimelia. Wa Namur, nimekuelewa kuhusu kibali, na tafsiri nitaomba irekebishwe. Lakini zimebaki siku tisa, na kuhusu umri sina ila picha moja ya babu amekishika, iliyopigwa mbele ya nyumba yake, haina tarehe. Je, yupo kati yenu ambaye picha ya namna hiyo ilikubaliwa?