Mdogo wangu yuko mwaka wa mwisho wa sekondari na simwelewi tena, naombeni ushauri

Dada_Mkubwa:
Wakuu, habari zenu. Nina mdogo wangu wa kike, miaka 17, amezoea kushika namba moja darasani. Mtihani wa majaribio ukamshusha hadi ya kumi na kitu, na tangu hapo si yeye. Analala saa nane usiku, saa kumi na moja yuko macho. Chakula anakigusagusa tu. Juzi nikafungua daftari lake la hesabu: swali moja kalifuta na kuliandika upya hadi karatasi imetoboka. Mama anasema ni mambo ya ujana. Baba kaongeza twisheni ya jioni. Nifanyeje bila kuonekana nawapinga wazee?

Mwalimu_Mstaafu:
Pole, binti yangu. Hiyo twisheni isimame kwanza. Umri huo unahitaji usingizi wa saa 8 hadi 10, na aliyojifunza mchana ubongo huyaimarisha akiwa amelala. Kwa saa tatu za usingizi anachota maji kwa pakacha. Tena aache kusoma daftari lile lile mara kumi. Alifunge, aandike anachokumbuka, aangalie alipokosea, arudie baada ya siku mbili tatu.

Chuma_Cha_Zamani:
Acheni kudekeza watoto. Sisi tulichapwa na tukafaulu.

Mpita_Njia:
@Chuma wewe ulifaulu. Walioishia njiani hawamo humu kusimulia.

Nesi_wa_Zamu:
Dada, kuna swali hakuna aliyemuuliza. Mkiwa wawili tu, muulize waziwazi kama amewahi kufikiria kufa au kujidhuru. Watu huogopa eti utamtia wazo. Si kweli, wengi hupumua. Akisema ndiyo, usimwache peke yake, ondoeni dawa na vitu vya hatari karibu naye, mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo. Akisema hapana, bado aonwe, hasa kama hali imepita wiki mbili. Na msisubiri machozi: sonona, yaani huzuni iliyogeuka ugonjwa, kwa vijana mara nyingi hujitokeza kama hasira za hovyo.

Mama_Wawili:
Kwa wazee, usianze na "mnakosea". Mwombe mwalimu wake wa darasa azungumze na baba. Baba wengi neno la mwalimu hulisikia kuliko la binti yao, ndivyo walivyo. Mama naye akae na mtoto jioni moja bila shule kutajwa kabisa.

Dada_Mkubwa:
Asanteni sana. Nimemuuliza jana usiku. Kanyamaza weee, halafu akasema kufa hafikirii, ila anatamani augue tu mtihani umpite. Kesho nampeleka kwa mshauri nasaha wa shule. Baba bado sijamwambia.

Nesi_wa_Zamu:
Umefanya vizuri. Hilo la kutamani augue mfikishie mshauri kama alivyolisema, usilipunguze makali. Na baba mwambie leo, kabla mwalimu wa twisheni hajabisha hodi.