Ulinganisho: kalenda, ute, vijiti vya mkojo au kipimajoto? Kipi kinawahi siku za kushika mimba?

Nuru_Asubuhi
Habari wadau. Naomba tulinganishe njia za kujua yai linapevuka lini, kwa wanaotafuta ujauzito. Tuchukue mfano wa mzunguko unaocheza kati ya siku 26 na 31. Njia zinazotajwa sana ni nne: kuhesabu kalenda, kuangalia ute, vijiti vya kupima mkojo, na joto la mwili la asubuhi. Ukiambiwa uchague mbili tu, ni zipi, na kwa nini?

MkungaZ
Kwanza tuelewane kuhusu muda, maana ndio unaoamua yote. Yai likishatoka kwenye ovari huishi saa 12 hadi 24 tu. Mbegu za mwanaume zikikuta ute mzuri huweza kukaa hai hadi siku 5. Kwa hiyo siku za kushika mimba ni 6: tano kabla ya yai kutoka, na siku yenyewe linapotoka. Zenye nguvu zaidi ni mbili za mwisho kabla yai halijatoka. Mbegu zinatakiwa ziwe zimeshafika na zinalisubiri yai. Njia inayokuambia "yai limeshatoka" imechelewa, hata kama imesema kweli tupu.

Mimi nachagua ute na vijiti.

Ute unafuata estrojeni, homoni inayopanda kabla yai halijatoka. Hedhi ikiisha kunakuwa pakavu, kisha unakuja ute wa kunata, halafu mweupe kama losheni, na mwisho ule unaoteleza, mwangavu kama ute wa yai bichi la kuku, unaovutika katikati ya vidole viwili bila kukatika. Ukiuona huo, anzeni, msisubiri kijiti. Angalia kila unapokwenda haja ndogo, ukijifuta kwa karatasi kabla ya kukojoa. Usiangalie muda mfupi baada ya tendo, kwa sababu shahawa humdanganya mtu. Ukiwa na shaka, dondosha kidogo kwenye glasi ya maji: ute wa uzazi hubaki donge, shahawa huyeyuka. Dawa za mafua na mzio zinaweza kuukausha ute, basi usihukumu mwezi uliokuwa ukizimeza.

Fundi_Maabara
Niongezee kwenye vijiti, maana hapo ndipo makosa yamejaa.

Kijiti kinapima LH, homoni inayochochea yai kutoka. LH ikipanda ghafla kwenye mkojo, yai kwa kawaida hutoka ndani ya siku moja hadi moja na nusu. Kosa la kwanza ni kukisoma kama kipimo cha mimba. Kwenye kipimo cha mimba hata mstari hafifu ni jibu. Hapa mstari wa T (wa jibu) lazima ukolee sawa na wa C (wa kulinganishia) au kuuzidi. Hafifu maana yake bado.

Kosa la pili ni kuanza kuchelewa. Chukua mzunguko mfupi kuliko yote, toa 17. Kwa mfano wa Nuru, 26 toa 17 ni 9, kwa hiyo pima kuanzia siku ya 9, ukihesabu siku ya kwanza ya damu kama siku ya 1.

Kosa la tatu ni saa. LH mara nyingi huanza kupanda alfajiri na huchukua saa kadhaa kuonekana kwenye mkojo. Kama karatasi ya maelekezo haidai mkojo wa kwanza wa asubuhi, pima kati ya saa nne asubuhi na saa mbili usiku, saa ileile kila siku. Kwa muda wa saa mbili kabla ya kupima punguza maji na usikojoe, maana mkojo mwepesi huficha mstari. Mstari ukianza kukolea, pima mara mbili kwa siku, kwa kuwa kwa wengine LH hupanda na kushuka ndani ya saa chache. Na usirudi kukisoma kijiti baada ya dakika zilizoandikwa. Kikikauka hubadilika sura.

Wenye PCOS (tatizo la homoni linaloweza kuzuia yai kutoka) wawe waangalifu sana. LH yao inaweza kuwa juu muda mrefu, wakapata mistari miwili iliyokolea siku nyingi bila yai kutoka. Pia aliyechomwa sindano ya hCG ya kuchochea yai atapata jibu la uongo.

Digrii36
Sikubaliani na kukiweka kipimajoto pembeni. Kijiti kinaonyesha mwili umejaribu, hakionyeshi kama yai limetoka kweli. Projesteroni, homoni inayopanda baada ya yai kutoka, ndiyo inayopandisha joto, nyuzi 0.2 hadi 0.5 za Selsiasi. Ukiona siku 3 mfululizo zimezidi zote 6 zilizotangulia, yai limeshatoka.

Pima ukiamka tu, kabla ya kukaa kitandani au kunywa maji, baada ya kulala angalau saa 3, kwa kipimajoto cha desimali mbili. Homa, pombe au usiku wa kukesha huharibu siku hiyo. Iwekee alama na usiitumie. Joto likibaki juu siku 18 bila hedhi, pima mimba.

MkungaZ
@Digrii36 hapo sawa, kwa miezi miwili mitatu ya kuusoma mwili. Kwa kupanga usiku wa leo halisaidii.

Hesabu_Safi
Kuhusu kalenda: kutoka yai kutoka hadi hedhi mara nyingi ni siku 12 hadi 14, na sehemu inayobadilika zaidi ni ya mwanzo. Kwa hiyo "siku ya 14 kwa kila mtu" ni kosa. Kwa mzunguko wa 26 yai hutoka karibu siku ya 12, kwa wa 31 karibu ya 17. Kanuni ya zamani inasema mfupi toa 18, mrefu toa 11: siku ya 8 hadi ya 20. Ni pana mno, lakini inakufaa kwa njia isiyo na kifaa: siku moja ndiyo, moja pumziko, katika muda wote huo. Kwa wanandoa wanaolemewa na vipimo, naipendekeza hii bila kusita. Programu za simu nazo nyingi hufanya hesabu hiihii, zisikutishe.

Nuru_Asubuhi
Kijiti kikikolea jioni, je?

Fundi_Maabara
Usiku huohuo, na kesho yake. Usiendelee kupima. Vilainishi vingi hupunguza mwendo wa mbegu, na mate pia. Kama ni lazima, tafuteni kilichoandikwa kuwa hakidhuru mbegu. Msijizuie wiki nzima "kuzikusanya" mbegu, zikikaa sana ubora hushuka.

Ukipelekwa kupima projesteroni ya damu, usikubali "siku ya 21" kwa mzunguko wa siku 31. Inapimwa siku 7 kabla ya hedhi inayotarajiwa, kwako ni ya 24.

MkungaZ
Na foliki asidi mikrogramu 400 kila siku ianze sasa, kabla ya mimba. Miezi 12 ikipita bila mimba, au 6 kwa mwenye miaka 35 na zaidi, nendeni kwa daktari wote wawili, na shahawa zipimwe mwanzoni kabisa.